Sanduku la silabi: shajara ya mradi, Chake Chake

11 Januari 2025. Tunaanza

Kazi yenyewe ni sanduku la mbao lenye matundu matatu juu yake. Mtoto anachukua kibao chenye silabi, anakiweka tunduni, sanduku linaisoma kwa sauti. Akiweka "ki" na "ti", linasema "ki", linasema "ti", kisha "kiti". Basi. Halina kioo cha kugusa wala halihitaji intaneti.

Wazo ni la shemeji yangu, anayesomesha maandalizi nje kidogo ya mji, watoto wa miaka 4 hadi 6. Mimi ni fundi wa redio na simu. Ukiona humu jambo la ualimu lenye akili, jua ni lake. Naandika kila hatua ikimalizika ili mwenye kutaka kuiga asinunue kifaa kimoja mara mbili.

Nimeshaulizwa kwa nini nisitie programu kwenye tableti nikapumzika. Swali la haki. Hapo ng'ambo yetu, Tanga, shindano la Global Learning XPRIZE lilitoa tableti kwa watoto karibu 3,000 wa vijiji 170 wajifunze kusoma Kiswahili wenyewe. Mwaka 2019 timu mbili, onebillion na Kitkit School, zikagawana ushindi, na programu zote tano zilizofika fainali ziko wazi kwa yeyote. Zina kazi nzuri ndani yake na nimezipitia. Lakini kule kila mtoto alikuwa na tableti yake. Sisi tuna darasa la watoto zaidi ya 40, na tableti moja katikati yao maana yake mmoja ameshika na wengine wanachungulia begani.

Tunachokifuata zaidi ni redio. Wengi mtakumbuka vipindi vya Tucheze Tujifunze vya mradi wa RISE, vilivyoanza Zanzibar 2006: redio inauliza, inanyamaza, watoto wanajibu kwa pamoja, wanaimba, wanaruka. Redio ile ilikuwa na ustadi wa kunyamaza, ila haikuweza kujua nini kimejibiwa. Sanduku letu litajua, maana litaona kibao gani kimewekwa.

1 Februari. Vifaa na bei

Vifaa vimetoka Kariakoo, vikaja kwa boti hadi bandari ya Mkoani, hapa Pemba. Bei nilizolipa mimi, kwa shilingi: bodi ya ESP32, yaani ubongo wa sanduku, 28,000, visomaji vitatu vya RC522 vya kutambua vibao, kila kimoja 9,000, kicheza sauti DFPlayer Mini 12,000, kadi ya memori 8,000, spika ya wati 3 kwa 5,000, betri mbili za 18650 kwa 12,000, chaja yake 3,000, waya, rezista na takataka nyengine 10,000. Stika za RFID, ambazo kisomaji kinazitambua bila waya, za kubandika chini ya vibao, 60 kwa 800 kila moja, 48,000. Mbao na mkono wa seremala 60,000. Jumla 213,000. Angalia vizuri: mbao na stika zimekula zaidi ya vifaa vyote vya umeme. Nilidhani itakuwa kinyume chake.

Nje ya hesabu hiyo kuna kisomaji kimoja kilichoungua. RC522 inataka volti 3.3, na nilipokipa 5 hakikulalamika hata kidogo, kilinyamaza tu, na hakijasema tena mpaka leo.

Vibao ni vya mfenesi, mraba wa sentimita 5. Ukubwa huo haukuchaguliwa kwa uzuri. Kipimo kinachotumika Marekani kwa vitu vya kuchezea vya watoto wadogo ni bomba la kipenyo cha milimita 31.7: kinachoingia humo kinaweza kumkaba mtoto. Herufi tumezichoma kwa chuma cha moto kisha tukapaka nta ya nyuki, kwa sababu rangi ya dukani sijui ina risasi kiasi gani na vibao vitafika mdomoni, hilo halina mjadala. Betri za kidonge sizitumii kabisa. Mlango wa betri umefungwa kwa skurubu.

Silabi tulizochagua ni 45: irabu tano peke yake, halafu b, k, l, m, n, s, t na w pamoja na irabu zake. "Wu" tukaiacha, nafasi yake ikachukuliwa na "m" inayosimama peke yake, maana bila hiyo hupati "mti" wala "mtoto". Vibao 15 vilivyobaki ni vya kurudia, ili "baba", "kuku" na "bibi" viwezekane.

22 Februari. Matatizo ya umeme

Yaliyoenda vizuri nayaruka. Haya ndiyo yaliyonikalisha usiku.

Sanduku lilikuwa linajizima na kujiwasha. Nililitia salamu ya kuanzia, "Haya, tucheze!", na kila spika ilipotaka kusema kwa nguvu volti zilishuka, bodi ikaanza upya, ikasalimia, salamu yenyewe ikashusha volti tena. Nyumbani wanangu walikaa kuliitikia "Haya!" mpaka betri ikaisha. Dawa: kapasita ya mikrofaradi 1,000 karibu kabisa na miguu ya umeme ya DFPlayer, na sauti ishushwe kidogo. Spika kubwa haitibu, inazidisha.

Kukawa na mlio wa chini, zzzz, hata pakiwa kimya. Rezista ya kilo-omu 1 kwenye waya unaotoka ESP32 kwenda mguu wa RX wa DFPlayer iliumaliza.

Kisomaji cha kati kilikuwa kinasoma kibao cha jirani. Matundu yalikaribiana mno. Sasa kutoka katikati ya tundu hadi katikati ya la pili ni sentimita 9, na programu inawasha antena moja, inaizima, ndipo inawasha nyengine. Hata hivyo tundu la kulia likawa bado linasoma siku likitaka. Nimebadilisha waya, nimebadilisha kisomaji, wapi. Kumbe seremala alipigilia misumari miwili chini ya tundu lile kukaza ubao, na chuma kikikaa karibu na antena masafa yanaharibika. Misumari imetolewa, pameshikwa kwa gundi na vijiti. Ukimpa seremala kazi hii mwambie mapema: chuma mbali na matundu.

Na la mwisho, kibao cha "ba" kilisema "tu". DFPlayer ukiiamrisha kwa namba tupu inafuata mpangilio wa faili zilivyonakiliwa kwenye kadi, haitazami majina yake. Tengeneza folda zenye majina 01 na 02, faili ziitwe 001, 002 na kuendelea, na utumie amri ya folda. Utashukuru.

23 Machi. Sauti

Ramadhani, mchana kazi imelala. Usiku baada ya tarawehe, mtaa ukitulia, tunarekodi.

Sauti ya kwanza ilikuwa yangu. Watoto wa jirani walipoisikia mmoja akauliza, "Kwani babu kakasirika?" Tukamweka shemeji. Nzuri, safi, ila tulipoijaribu watoto walimgeukia yeye kila sanduku lilipotamka kitu, na sanduku wakalisahau. Sauti iliyobaki ni ya msichana wa darasa la sita, kwa ruhusa ya wazee wake, aliyekaa mbele ya kabati la nguo lililo wazi na godoro nyuma yake. Hiyo ndiyo studio, na haina deni kwa mtu.

Tatizo kubwa likawa jengine. Ukiunganisha "ki", "ta" na "bu" zilizorekodiwa sawasawa, hupati "kitabu". Unapata vipande vitatu, kama kondakta anataja vituo. Mtoto anayesikia hivyo halitambui neno analolijua tangu hajaota meno. Kiswahili kinaweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na mkazo huo ndio unaolifanya neno liwe neno. Kwa hiyo kila silabi imerekodiwa mara mbili, yenye mkazo na isiyo nao, sauti 90 kwa jumla, folda 01 na folda 02. Programu inahesabu vibao: cha mwisho kinachukua sauti nyepesi, cha kabla yake kinachukua yenye mkazo, kilichobaki nyepesi. Mtoto akiwa na "ki" na "ta", mkazo uko kwa "ki". Akiongeza "bu" mkazo unahamia kwa "ta" wenyewe. Hata "m" peke yake imerekodiwa mara mbili, kwa sababu katika "mti" na "mto" ndiyo inayobeba mkazo. Msichana wetu aliona hili ni jambo la kuchekesha sana, kukaa usiku anaambiwa aseme "mmm" ya nguvu.

Kitu kidogo chenye faida kubwa: kata ukimya ulioko mwanzo wa kila faili. Nilitumia Audacity, programu ya kuhariri sauti. Kabla ya kukata, mtoto alishaweka kibao na kuondoa mkono, sauti bado haijatoka, anakitoa akidhani hakikusoma.

19 Aprili. Darasani

Sikukuu imepita, sanduku limeingia darasani. Shemeji ameliweka kona ya lugha, karibu na visoda na vifuu vya kuhesabia. Darasa lao linafuata utaratibu wa kona, ule uliosambazwa na mpango wa maandalizi uitwao Madrasa, ulioanzia Mombasa na kuja Zanzibar 1990, na huo umetusaidia kuliko vifaa vyote: watoto wameshazoea kwenda wachache wachache na kupokezana.

Nililitia orodha ya maneno yenye kadi za picha. Vibao vikifanya neno la kwenye orodha, linasoma neno na taa tatu zinawaka kijani. Visipofanya neno, linatoa mlio, bweee. Mlio huo niliona ni lazima, mtoto atajuaje amekosea?

Mtoto mmoja wa kiume aliusikia, akaangua kicheko, akauita tena. Kisha wote wanne wakawa wanatafuta makosa kwa makusudi, na kwa bidii ambayo sijaiona kwenye maneno sahihi. Hilo lingevumilika. Pembeni yao alikuwepo binti mdogo aliyeweka "ba" na "la" kwa uangalifu mkubwa, sanduku likamfanyia bweee, akarudisha mikono mapajani. Wiki ile hakurudi kwenye kona. Na "bala" haikuwa na kosa lolote la kusoma. Aliisoma vizuri, ila haikuwa kwenye orodha yangu.

Shemeji aliniambia, "Bakora hapa hatutumii, wewe unaniletea ya betri?"

Mlio umetoka. Taa za kijani nazo zimetoka, maana zikiwaka kwa huyu na zisiwake kwa yule ni bakora ile ile. Sasa sanduku linasoma chochote kilichowekwa, liwe neno au lisiwe, kwa sauti ile ile. Orodha yote nimeifuta na programu imekuwa fupi. Mtoto akisikia "bala" na mbele yake kuna picha ya bata, masikio yake yanamtosha.

Nimeulizwa kuhusu maneno mabaya. Ndiyo, yanawezekana. Kuna neno moja la mwilini la silabi tatu, silabi zote tunazo, na limeshapatikana. Shemeji alikaza uso, akageukia dirishani mpaka kicheko kikampita. Halafu akanambia aliyeliandika ni mtoto ambaye tangu mwanzo hajawahi kufikisha silabi tatu bila msaada.

3 Mei. Wali na liwa

Hii inastahili maelezo marefu, na hutaikuta kwenye maelekezo ya vifaa vilivyotengenezwa kwengine.

Kadi ya picha ilikuwa sahani ya wali. Binti wa miaka 5 akachagua "wa" na "li", vibao sahihi, akaviweka. Sanduku likasema "liwa". Akatazama picha, akatazama sanduku. "Hili haliwezi kusoma," akasema, "mie nimeandika wali." Mwenzake akamwambia liwa ni ile anayojipaka dada yake usoni. Ukazuka ubishi mtamu, na shemeji hakuukatiza.

Binti alikuwa ameanza tundu la kulia. Tukakaa kuangalia, tukaona si yeye peke yake. Watoto hawa wanaingia chuo cha Kurani wakiwa wadogo kabisa, na huko mstari unaanzia kulia kwenda kushoto. Wanajua fika kwamba maandishi yana upande wa kuanzia, na hilo ni nusu ya kazi. Hakuna aliyewaambia kwamba maandishi haya yanaanzia upande mwengine. Kwa "baba" na "kuku" haionekani, ndiyo maana mwanzoni hatukuiona.

Njia ya mkato ilikuwa kuifanya programu isome kwa mpangilio wa kuweka: kilichowekwa mwanzo kisomwe mwanzo, popote kilipo. Mistari michache ya programu. Shemeji akakataa moja kwa moja, kwani mtoto angetoka kwetu anaandika "liwa" daftarini na kusoma "wali".

Tukaweka taa ndogo. Tundu la kushoto linawaka mwanzo, likipata kibao inawaka ya pili, kisha ya tatu, na tundu ambalo taa yake haijawaka halisomi. Ilisaidia kidogo. Mchana darasani mwanga ni mkali, milango wazi, taa hazionekani vizuri.

Kilichotibu kimetoka kwa seremala, aliyekuja kutazama kazi yake tu. Akachora ngalawa juu ya sanduku, akaichoma kwa chuma: tezi, yaani nyuma ya chombo, upande wa kushoto, omo, yaani mbele yake, upande wa kulia, na matundu matatu ndani yake. Shemeji akawaambia abiria wanapandia tezi. Wengi wa watoto hawa baba zao ni wavuvi na hakuna aliyeuliza tezi ni wapi. Walioingia wapya baada ya hapo tunawaona wanaanza kushoto bila kukumbushwa. Taa nimeziacha kwa ajili ya siku za mawingu, lakini kwa sanduku la pili sitazinunua.

Wakati huo huo tumepata jengine: kibao cha "so" kikigeuzwa chini juu, mtoto anaona "os", na sanduku bado linasema "so", kwa sababu stika haijui juu wala chini. Seremala amekata pembe moja ya kila kibao na kuacha pembe inayolingana ndani ya tundu. Kikigeuzwa hakiingii. Maria Montessori, aliyefungua nyumba yake ya watoto Roma mwaka 1907, alitengeneza vifaa vingi kwa njia hiyo, kifaa chenyewe kikatae kosa bila mtu kusema neno. Kukata pembe zote kumenigharimu 10,000.

24 Mei. Masika

Vibao vimevimba. Mfenesi haukuwa umekauka vya kutosha, mvua ya masika ikamaliza. Watoto walikuwa wanavipiga kwa ngumi viingie, na kutoka havitoki. Tumevipiga msasa mpaka pakawa na nafasi ya milimita 2 pande zote, nta ikarudiwa. Miguu ya visomaji ilianza kutu ya kijani kwa chumvi ya pwani. Nimesafisha na kupaka vanishi ya kucha kwenye sehemu nilizolehemu, isipokuwa soketi ya chaja na sehemu ya kadi.

Umeme ulikatika siku mbili na sanduku halikujua, betri inalipeleka wiki nzima ya darasa.

21 Juni. Kunyamaza

Programu ilikuwa inasubiri sekunde moja baada ya kibao cha mwisho, kisha inasoma neno zima. Ikawa inamdakiza mtoto: amepata "ki" na "ta", anatafuta "bu" kikapuni, sanduku limeshasema "kita". Nikapandisha hadi sekunde mbili na nusu, na kila kibao kipya kinaanzisha hesabu upya. Ikatulia.

Shemeji akataka nne. Nikamwambia ni nyingi mno, watadhani limeharibika. Akanikumbusha redio. Nikaweka nne kwa shingo upande.

Silabi moja moja zinasomwa papo hapo, halafu panakuwa kimya kirefu kabla ya neno. Siku ya kwanza walilipiga makofi ya mgongoni. Baadaye mmoja akasema "samaki!" kabla ya sanduku, sanduku likasema "samaki", akaruka juu. Sasa mchezo wao ndio huo, kuliwahi sanduku. Wanne wanaegemea juu ya ngalawa, mmoja anaweka, watatu wanavuta pumzi, wanapiga kelele pamoja. Yule binti wa "bala" ndiye mwepesi wao. Watakaoiga: namba hii iko mstari wa juu kabisa wa programu, ibadilisheni kwa darasa lenu, lakini msiiweke chini ya tatu kabla ya kujaribu.

9 Agosti. La pili

Sanduku la pili limeanza, kwa darasa la upande wa Wete. Bila taa, bila misumari, vibao vya mwembe uliokaa kavuni mwaka mzima, pembe zimekatwa tangu mwanzo. Stika nimepunguza kwa kuagiza mzigo mkubwa pamoja na fundi mwengine, zimeshuka hadi 500 moja. Hesabu ya sasa ni 195,000, bila nauli ya mzigo.

Mwalimu wa kule anataka "z", "d" na "nd", apate "meza", "dada" na "Konde". Anataka pia "ng'", kwa ajili ya "ng'ombe". Hapo tumekwama. Ubaoni alama ile ya juu ikichomwa kwa chuma inatoka kama doa, na watoto wanasoma "ngo". Seremala anajaribu kuichonga kwa patasi nyembamba. Upande wa sauti haukunipa tabu: msichana wetu alizisema "ng'o" zote mbili kwa pumzi moja, akaniuliza kama safari hii analipwa.